Ufa Huzibwa Siku Ile Ile

Ni jambo la nadra kwa taifa lililozoea kuwafundisha wengine kukubali kuketi tena kwenye dawati la mwanafunzi. Hata hivyo, ndivyo ilivyotokea mwaka 1914 ulipotimiza karne moja: mwaka 2014 Elizabeth Truss, aliyekuwa wakati huo waziri mdogo wa elimu wa Uingereza, aliongoza ujumbe kwenda Shanghai kutazama jinsi watoto wadogo wa Kichina wanavyofundishwa hesabu. Mwaka huo huo walimu wa Shanghai wakaanza kuingia katika madarasa ya Uingereza. Mwezi Julai 2016 serikali ya nchi hiyo ikatangaza paundi milioni 41, zitumike kwa miaka minne, ili shule za msingi zipatazo 8,000 zifuate njia hiyo ya Kiasia.

Kilichowashtua Waingereza ni mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2012, unaopima vijana wa miaka 15. Katika hesabu, Shanghai ilishika nafasi ya kwanza kwa alama 613, na Uingereza ikawa ya 26 kwa alama 494. Tuseme kwa haki kwamba Shanghai ni mji wenye neema na siyo China nzima, na wapo waliohoji kama watoto wa wahamiaji kutoka mashamba walihesabiwa ipasavyo. Lakini tofauti ilikuwa kubwa mno kupuuzwa. Wengine walikimbilia kusema kuwa Mchina huzaliwa na kipaji, na wengine kuwa siri ni ukali na kukariri. Sisi hatukubaliani na maelezo hayo mepesi.

Mtoto wa Kiingereza hulazimika kisheria kuanza shule akishatimiza miaka mitano. Kwa kawaida mwalimu wake ni mmoja kwa karibu masomo yote: asubuhi kusoma na hesabu, mchana historia au kuchora. Tangu ripoti ya Plowden ya mwaka 1967 ilipotaka mtoto mwenyewe awe kiini cha elimu, shule nyingi zilithamini mchezo, uvumbuzi na kila mtoto kwenda kwa mwendo wake. Njia hii ina heshima yake, kwani mtoto hujifunza kuuliza bila ya woga. Kasoro yake ni kuwa wanafunzi walizoea kugawanywa kwa meza, wepesi huku na wazito kule, na aliyewekwa meza ya wazito akiwa na miaka sita aghalabu alibaki huko huko.

Shanghai mtoto huanza akiwa na miaka sita, katika darasa ambalo huweza kuwa na watoto 40 au zaidi. Darasa zima hwenda pamoja, hatua moja ndogo baada ya nyingine, wala hapana meza ya wazito. Lakini linalostahiki kutazamwa zaidi ni siku ya mwalimu mwenyewe. Mwalimu wa hesabu hufundisha hesabu tu, na vipindi vyake kwa siku ni kama viwili, kila kimoja cha dakika 35 au 40. Saa zilizobaki husahihisha madaftari, hukaa na wenzake kulitengeneza somo la kesho, na huingia katika darasa la mwenzake kumtazama na kumkosoa. Mtoto aliyekosea asubuhi huitwa siku ile ile akaelekezwa, ili kesho asiachwe nyuma na wenziwe. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Shanghai ufa huzibwa kabla jua halijatua.

Je, Waingereza walichukua nini? Walichukua vitabu, wakavifasiri. Walichukua mpango wa darasa kwenda pamoja. Mwaka 2022 jaribio la kuzidisha likawa la lazima kwa watoto wa miaka minane na tisa: maswali 25, na sekunde sita za kujibu kila moja. Lakini siku ya mwalimu kwa jumla ilibaki ile ile, mtu mmoja na masomo yote. Basi haishangazi kwamba tathmini ya Chuo Kikuu cha Sheffield Hallam, iliyotolewa mwaka 2019, haikuona ushahidi kuwa ubadilishanaji wa walimu uliinua matokeo ya hesabu ya wanaomaliza shule ya msingi. Tunda lilichumwa, mti ukaachwa ulikokuwa.

Wachina nao hawakulala wakijisifu. Mageuzi yao ya mitaala ya mwaka 2001 yalitaka mtoto afikiri na siyo kumeza tu. Mwaka 2021 serikali yao ilipiga marufuku kazi za kuandika nyumbani kwa darasa la kwanza na la pili, ikaweka kikomo cha dakika 60 kwa darasa la tatu hadi la sita, na ikayabana makampuni ya masomo ya ziada yaliyokuwa yakiwakamua wazazi. Kwa hiyo, wakati Mwingereza anatafuta nidhamu ya Mchina, Mchina anamtafutia mwanawe pumzi.

Tunayasema haya kwa sababu shule zetu Zanzibar zilirithi mengi kutoka kwa Mwingereza, aliyetutawala hadi mwaka 1963, na kila baada ya muda huletewa jipya kutoka ng'ambo. Wahusika wanapopanga mageuzi, swali lao la kwanza huwa ni kitabu gani, mtihani gani, darasa la ngapi. Sisi tunawaomba waanze na swali jingine: mwalimu ana saa ngapi kwa siku za kusahihisha, na za kumrudia mtoto ambaye hakufahamu? Mwalimu atokaye darasa moja akiingia jingine tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho, na jioni akabeba rundo la madaftari nyumbani, hawezi kuziba ufa wa mtu, hata apewe kitabu kizuri namna gani.

Udongo uwahi ungali maji. Lakini mfinyanzi naye apewe nafasi ya kuufinyanga.