Orodha ya shule bora irudi? Mimi nakataa

Haya wadau, nimerudi chuo kutoka mazoezi ya kufundisha Kasulu, vumbi jekundu bado liko kwenye viatu.

Mnakumbuka Matokeo Makubwa Sasa ya 2013, shule zikapangwa kwa matokeo ya mtihani? Januari 2023 NECTA wakaacha kutangaza shule kumi bora. Hapa hosteli wapo wanaotaka irudi, eti walimu watazembea.

Jamani! Mtoto wa kidato cha kwanza niliyemfundisha nyumbani anaongea Kiha, miaka saba kasoma kwa Kiswahili, halafu ghafla baiolojia kwa Kiingereza. Nilimuuliza swali akajibu vizuri kabisa... kwa Kiswahili. Kwenye karatasi hiyo ni sifuri. Mwenzake wa mjini kaanza Kiingereza chekechea. Uwapange mstari mmoja, halafu mwalimu wa Kasulu aitwe mzembe?

Sisemi shule zisiulizwe. Ziulizwe mtoto alikuja na nini, katoka na nini. Na wakubwa nao waulizwe wamepeleka walimu wangapi wa hisabati kila wilaya, kwetu Kibondo ikiwemo. Hiyo orodha ndiyo ningependa kuisoma.

Mnasemaje?