Mzazi Anapopanda Jukwaani

Wako viongozi wa vikundi vya michezo ya kuigiza ambao, msichana wao akiisha kujifungua, hulifuta jina lake daftarini kimya kimya. Hawamfukuzi. Humwambia tu, kwa sauti ya huruma, apumzike, alee, na nafasi yake itakuwapo. Mwezi wa nne akirudi huikuta nafasi ile ina mtu mwingine, asiye na mtoto wa kunyonyesha saa mbili za usiku. Mwanamume akipata mtoto, jambo hilo halisemwi hata kidogo. Hupewa pongezi, labda na soda, na mazoezi yakaendelea. Sisi twaona kwamba katika mambo yote mawili liko kosa. Ni kosa la haki ya mfanyakazi, na ni kosa la sanaa yenyewe, maana mtu aliyepata mtoto amepata kitu ambacho jukwaa linakihitaji sana. Akiondolewa, au akirudishwa kabla ya wakati wake, watazamaji ndio wanaopunjwa.

Nikiri kwanza upungufu wangu. Katika shule ya misheni niliyosoma tulikuwa na mchezo wa Noeli kila mwaka, nami mwaka mmoja nilipewa kuwa Yosefu. Mtoto alikuwa taulo lililokunjwa. Nililishika kwa mikono miwili iliyonyooka, mbali na kifua, kama mtu achukuaye sinia la vyombo vya Padre asije akavunja kimoja. Hakuna aliyecheka, kwa sababu ukumbi mzima ulijaa wavulana wasiojua zaidi yangu. Miaka mingi baadaye, usiku mmoja, nikiwa na binti yangu mchanga begani naye ana homa, ndipo nilipolikumbuka taulo lile nikaona haya. Mkono wa mzazi hujikunja wenyewe. Kiganja hukitafuta kisogo cha mtoto kabla akili haijaamuru. Mambo hayo hufundishika kwa shida sana kwa maneno, na mama wa watoto sita aliyeketi safu ya mwisho huyatambua mara moja yakikosekana.

Lakini tusijenge hoja juu ya kumbukumbu za mhariri. Uko mfano mmoja wa zamani ulioandikwa vizuri, na wasomaji walioisoma Mabepari wa Venisi, iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere na kutolewa mwaka 1969, wataufuata bila taabu.

Sarah Siddons alizaliwa mwaka 1755 huko Brecon, katika nchi ya Wales, kwenye ukoo wa waigizaji waliozunguka miji midogo wakitafuta riziki. Aliolewa mwaka 1773, na mtoto wake wa kwanza, Henry, akazaliwa Oktoba 1774. Mwaka uliofuata sifa zake zilimfikia David Garrick, mwigizaji mashuhuri kupita wote wa London wakati ule na mkuu wa ukumbi wa Drury Lane, naye akamwita. Wito huo ulimkuta mjamzito. Binti yake Sally alizaliwa tarehe 5 Novemba 1775. Tarehe 29 Desemba mama yake akasimama mbele ya watu wa London akiwa Portia, yule mwanamke avaaye mavazi ya mwanasheria ili amwokoe Antonio na kisu. Hesabu siku, ndugu msomaji: ni 54. Na umri wake ulikuwa miaka 20.

Alishindwa. Waliomwona walisema aliingia akiyumba kuliko kutembea, hajui aweke wapi macho wala miguu, na sauti yake ikitetemeka. Msimu ulipokwisha mwaka 1776 alipata barua ya kumwarifu kwamba hahitajiwi tena. Garrick mwenyewe alikuwa amestaafu mwaka huo huo, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza kama msichana yule alishindwa kwa sababu hana kipaji, au kwa sababu alikuwa bado na udhaifu wa uzazi.

Akarudi mikoani. Kuanzia mwaka 1778 alikuwa mwigizaji wa mji wa Bath, na kampuni ile ile ilicheza pia Bristol. Yeye mwenyewe ameandika kwamba Jumatatu asubuhi alifanya mazoezi Bath, jioni akaenda kuigiza Bristol, usiku akarudishwa kwa gari la farasi maili 12, na Jumanne usiku akaigiza tena Bath sehemu ngumu. Huko nyumbani watoto walikuwa wakiongezeka. Alisoma maneno yake ya mchezo usiku, watu wa nyumba wakiisha kulala na kazi za siku zikiisha kumalizika. Ameeleza jinsi usiku mmoja wa ujana wake, akijifunza sehemu ya Bibi Macbeth, aliingiwa na hofu alipofika penye mauaji, akashika mshumaa wake akakimbilia ngazini, akajitupa kitandani na nguo zake zote. Wafanyakazi wa zamu wanaosoma gazeti hili wataielewa hali hiyo kuliko maprofesa.

Alipoagana na watu wa Bath mwaka 1782 aliwaambia kwamba anazo sababu tatu za kuondoka, kisha akawatoa jukwaani: Henry, Sally na mdogo wao Maria. Alikuwa akitafuta mshahara wa kuwalisha, na hakuona aibu kulisema hilo mbele ya umma.

Tarehe 10 Oktoba 1782 akasimama tena Drury Lane, katika mchezo wa Isabella, ambao msingi wake ni mchezo wa Thomas Southerne wa mwaka 1694. Isabella ni mama anayedhani mumewe amekufa vitani. Umaskini ukimzidi, anakubali kuolewa na mwingine ili mwanawe asife njaa. Kisha mume wa kwanza anarudi, na mwanamke yule anarukwa na akili, akafa. Mtoto wa Isabella aliigizwa na Henry, mwenye umri wa miaka minane. Katika mazoezi, alipomwona mama yake akikata roho, mtoto yule aliangua kilio, akidhani anakufa kweli. Na ulipofika usiku wenyewe watu wazima wa London, ambao hawakuwa na udhuru wa utoto, walilia vile vile. Tangu usiku ule hadi alipoliaga jukwaa mwaka 1812 hakuwapo aliyemzidi katika michezo ya huzuni.

Sasa atainuka mtu aseme: mhariri unachanganya mambo, yule hakufaulu kwa sababu ya uzazi, alifaulu kwa sababu ya miaka mingi ya kazi mikoani. Nakubali nusu. Mapenzi ya mama hayatoi sauti ifikayo safu ya mwisho. Hilo alilijua mwenyewe kwa uchungu mwaka 1775. Mfaransa Diderot aliandika katika karne ile ile, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1830, muda mrefu baada ya kufa kwake, kwamba mwigizaji bora ni yule anayetazama na kuiga akiwa na kichwa baridi, wala si yule anayebubujikwa na moyo wake. Tena Garrick mwenyewe hakupata mtoto, na hata hivyo Mfalme Lear wake, baba aliyekosewa na binti zake, aliwaliza watu. Yasimuliwa kwamba alijifunza wazimu wa Lear kwa jirani mmoja ambaye, akicheza na binti yake wa miaka miwili dirishani, alimponyoka mikononi akafa. Baba yule alipoteza akili, akawa hurudia kila siku dirishani kuigiza tena kucheza na mtoto asiyekuwapo. Garrick alikuwa akimwendea, akimtazama.

Basi asiye mzazi aweza kumwigiza mzazi. Sisemi kinyume. Lakini tazama ilimbidi akajifunzie wapi: kwa mzazi. Hata kichwa baridi cha Diderot chahitaji kitu cha kutazama, na mwenye mtoto anakitazama kila saa nyumbani kwake, ndani ya mwili wake mwenyewe, bila kumwendea jirani aliyefiwa.

Ushahidi ulio bora zaidi wa jambo hili sioni kwamba umo katika machozi ya Isabella. Umo katika maandishi ya Bibi Siddons juu ya Bibi Macbeth, sehemu aliyoanza kuigiza London mwaka 1785, na ambayo sisi twaweza kuisoma katika Makbeth ya S. S. Mushi ya mwaka 1968. Mahali fulani yule mke, akimchochea mumewe amwue mfalme, anasema kwamba amewahi kunyonyesha na ajua utamu wa kumpenda mtoto anyonyaye, lakini kama angekuwa ameapa angemuua mtoto huyo huyo kuliko kuvunja kiapo. Ni rahisi kuyasoma maneno hayo kuwa ni ya mwanamke asiye na moyo. Bibi Siddons aliyasoma vingine. Aliona kwamba mtu hawezi kuutaja upole ule katikati ya maneno ya kutisha namna ile kama hakuwahi kuuonja kweli. Na kwamba alichagua mfano huo kwa sababu, kwake yeye, hapakuwapo tendo zito kuliko hilo duniani. Yaani ukatili wake wapimwa kwa mapenzi yake. Mwaka 1794, ukumbi mpya wa Drury Lane ulipofunguliwa kwa mchezo huo huo, aliyasema maneno hayo akiwa na mimba kubwa. Binti yake Cecilia alizaliwa Julai mwaka ule. Mtu na afikiri watazamaji walisikia nini.

Iko habari nyingine, ya Wagiriki wa kale, inayonitia mashaka. Aulo Gelio ameandika juu ya mwigizaji aitwaye Polus, ambaye mwanawe mpendwa alikufa. Aliporudi kazini alipewa kumwigiza Elektra, dada anayelia akiwa ameshika chungu anachodhani kina majivu ya nduguye. Polus akalichukua kaburini chungu chenye majivu ya mwanawe mwenyewe, akapanda nacho jukwaani, akakililia kilio cha kweli. Watu walimsifu. Mimi najiuliza kama haikuwa heri mtu amwambie baba yule: nenda nyumbani, ndugu, mchezo utangoja. Bibi Siddons alizaa watoto saba akazika watano, lakini sijapata kusoma kwamba alibeba mmoja wao kwenda kutafutia makofi.

Narudi kwenye zile siku 54. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, yampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Yamkataza mwajiri kumfanyisha kazi ya usiku kwa miezi miwili baada ya kujifungua, na yampa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kwa sheria hiyo Portia wa mwaka 1775 asingepanda jukwaani. Baba hupewa siku tatu. Siku tatu! Mwanamume hajajifunza hata kumshika mtoto, sembuse kujifunza ubaba wa kwenda kuuonyesha watu.

Taabu ni kwamba waigizaji wetu wengi hawana mkataba wa ajira. Hulipwa kwa onyesho, na asiyeonekana halipwi. Sheria huwapita pembeni. Kwa hiyo kiongozi wa kikundi ndiye sheria yao, na tawi au chama cha wafanyakazi kinachokifadhili kikundi hicho ndicho cha kuulizwa. Mazoezi yaweza kufanywa asubuhi. Fungu la mgawo laweza kuwekwa kwa aliyejifungua, kama vile tunavyomchangia aliyefiwa, bila barua tatu za maombi. Na jina lake libaki daftarini, liandikwe kwa wino.

Hivi karibuni nilitazama mchezo wa kikundi kimoja cha wafanyakazi. Mama mmoja aliyekuwa amerudi baada ya miezi mingi aliigiza sehemu ya mzazi aliyepotelewa na mtoto. Hakulia. Aliikunja kanga ya mtoto, akaikunjua, akainusa, akaikunja tena upya kwa pande zile zile, na ukumbi uliokuwa na kelele ukanyamaza. Nilipokwenda nyuma ya pazia kumpongeza nikauliza mtoto wake yuko wapi. Nilionyeshwa: amelala juu ya sanduku la mavazi, na mpiga ngoma mmoja akimpepea kwa gazeti letu la jana.