Nyumba Njema Si Mlango

Juma hili napenda tuzungumze habari za kununua nyumba katika vijiji vya kale vya Uingereza. Huenda wako watakaouliza, "Jambo hilo latuhusu nini sisi?" Latuhusu, maana ndugu zetu wengi kutoka Kenya wanafanya kazi na kulea watoto katika nchi ile, na baadhi yao ni wauguzi katika hospitali. Hufika siku mtu akachoka kulipa kodi ya pango mjini, akatamani nyumba yake mwenyewe mahali penye utulivu. Ndipo huonyeshwa picha ya kijiji: kuta za mawe, bustani ya maua, mnara wa kanisa, na paa la mabua. Picha yapendeza mno. Lakini wazee walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi na tufungue.

Kwanza yafaa tufahamu kwa nini vijiji hivyo vimebaki kama vilivyokuwa. Tutazame Lavenham, katika wilaya ya Suffolk. Mwanzoni mwa karne ya 16 mahali pale palikuwa miongoni mwa miji tajiri ya Uingereza kwa sababu ya biashara ya vitambaa vya sufu. Wafanyabiashara wakajenga nyumba za miti ya mwaloni, na jumba la chama chao kimoja, lililojengwa yapata mwaka 1530, lasimama hata leo. Baadaye biashara ikafifia, fedha zikapungua, na watu wakakosa uwezo wa kubomoa na kujenga kwa mtindo mpya. Kwa hiyo umaskini ndio uliozihifadhi nyumba zile. Leo majengo zaidi ya 300 ya kijiji hicho yamo katika orodha ya serikali ya majengo ya kale. Mengine yamepinda kama mzee aliyeegemea mkongojo wake, na juu ya hayo yote wanunuzi huyatafuta kwa fedha nyingi.

Kijiji kingine ni Lacock, katika wilaya ya Wiltshire. Mwaka 1944 Bibi Matilda Talbot alikitoa kijiji hicho pamoja na jumba lake kuwa mali ya National Trust, chama cha kuhifadhi mambo ya kale na mandhari ya nchi, kilichoanzishwa mwaka 1895. Tangu hapo nyumba nyingi za Lacock haziuzwi, hupangishwa tu. Mtu aweza kukaa humo, kupanda maua na kulea watoto, bali hawi mwenye nyumba.

Hata mahali ambapo nyumba huuzwa, mnunuzi hapati uhuru wote anaoudhani. Tangu sheria ya mipango ya miji na vijiji ya mwaka 1947, serikali huandika majengo yenye thamani ya kihistoria katika orodha maalum. Karibu kila jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1700, likiwa limebaki karibu na hali yake ya asili, huingizwa humo. Majengo hugawanywa katika madaraja matatu, na zaidi ya tisa katika kila kumi yamo katika daraja la chini. Lakini msomaji asidanganywe na neno "chini", kwani sheria yayalinda yote, nje na ndani pia. Mwenye nyumba hawezi kubadili madirisha, kuvunja ukuta wa ndani au kuondoa ngazi ya kale, ikiwa kazi hiyo yageuza sura ya jengo, mpaka apate kibali cha halmashauri. Afanyaye bila kibali ametenda kosa la jinai, na kwa sheria ya mwaka 1990 aweza kutozwa faini isiyo na kikomo, au kufungwa hadi miaka 2, au yote mawili.

Hapo ndipo penye mtego ambao wageni wengi hawauoni. Tuseme mtu wa kwanza alitia madirisha ya plastiki bila kibali, kisha akauza nyumba akaenda zake. Mnunuzi hatashtakiwa kwa kosa asilolitenda. Lakini halmashauri yaweza kumwamuru ayaondoe na kurudisha ya namna ya zamani kwa fedha zake mwenyewe. Wala hakuna idadi ya miaka ambayo ikiisha amri hiyo haiwezi kutolewa tena. Mimi ni karani, na siku zote naona jinsi jalada lililosahauliwa linavyoweza kufunguliwa upya. Basi mnunuzi na adai vibali vyote vya kazi zilizopata kufanywa, na wakili wake avisome kimoja kimoja kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Tuje sasa kwenye kuta na paa. Kuta za kale zilijengwa kwa chokaa, nayo chokaa huacha unyevu utoke polepole. Fundi asiyejua akija akapaka saruji, unyevu hufungiwa ndani, miti ya mwaloni huoza, na ukuta huanza kumomonyoka. Ndugu zetu wa pwani waijuao chokaa watalielewa jambo hili bila maelezo mengi. Kwa upande wa paa, kwetu mtu akipata fedha huondoa nyasi akaezeka mabati, na majirani humpongeza. Katika nyumba hizi za Uingereza mambo ni kinyume: paa la matete au la mabua ya ngano huhitaji fundi maalum, mgongo wake hutengenezwa upya mara nyingi kuliko sehemu nyingine, na bima yake ni ghali kwa hofu ya moto. Asiyeweka akiba kwa ajili ya paa asinunue nyumba ya namna hiyo.

Yako pia madeni yaliyofungwa na ardhi yenyewe. Katika kijiji cha Aston Cantlow, wilaya ya Warwickshire, mume na mke waliomiliki shamba walidaiwa gharama ya kutengeneza sehemu ya madhabahu ya kanisa la kijiji, kwa sababu ya wajibu wa kale uliofuata shamba lile. Walipinga, kesi ikapanda hadi House of Lords, na mwaka 2003 wakashindwa. Hesabu ilipokamilika gharama ya matengenezo ilizidi pauni 180,000, mbali na gharama za mawakili. Tangu Oktoba 2013 sheria imemlinda zaidi mnunuzi: ikiwa deni la namna hiyo halikuandikwa katika daftari la ardhi kabla hajanunua na kuandikishwa, kwa kawaida halimpati. Hata hivyo ni lazima daftari litazamwe, maana lililoandikwa lamfuata kila mwenye ardhi.

Habari njema ni kwamba utaratibu wa Uingereza hutoa nafasi ya kuchunguza. Mtu akikubaliana bei na muuzaji, bado hajafungwa, wala muuzaji hajafungwa. Kifungo huja siku ya kubadilishana mikataba, ambapo mnunuzi kwa kawaida hutoa arubuni ya sehemu 10 katika kila 100 za bei. Akijitoa baada ya hapo aweza kuipoteza arubuni yote. Kwa hiyo siku za kutumia akili ni zile za katikati. Amwajiri mkaguzi azijuaye nyumba za kale, wala asimtegemee dalali, kwani dalali ni mtumishi wa muuzaji. Ada ya mkaguzi yaonekana kubwa mpaka mtu aipime na gharama ya ukuta ulioinama.

Mwisho, nyumba si kuta tu, bali ni watu na njia. Katika vijiji vingi basi hupita mara chache, na duka au shule huenda zilifungwa zamani. Mwuguzi amalizaye zamu yake usiku atarudije nyumbani bila gari? Tena, bei zikipandishwa na matajiri wa mjini wanaotaka nyumba ya pili ya kupumzikia, vijana waliozaliwa pale huhama, na wakati wa baridi madirisha mengi huwa giza. Ndiyo sababu tangu Aprili 2025 halmashauri za Uingereza zimeruhusiwa kuongeza kodi ya nyumba za pili hadi mara mbili. Kwa hiyo familia yenye watoto, ijayo kukaa kweli, kuhudhuria mikutano ya baraza la kijiji na kununua mkate katika duka lililosalia, ni faida kwa kijiji hicho, hata kama mwanzoni itatazamwa kama wageni.

Basi ndugu anayefikiri kununua, shauri langu ni hili. Kitembelee kijiji mwezi Januari mvua ikinyesha, wala si mwezi Juni tu maua yakichanua. Uliza majirani maji hupita wapi. Soma hati. Kisha ujiulize kama uko tayari kuwa mlinzi wa nyumba iliyokuwapo kabla yako, ambayo yatazamiwa kuwapo baada yako. Aliye tayari kwa kazi hiyo anunue kwa furaha. Asiye tayari atafute nyumba mpya mjini, wala hakuna aibu yo yote katika jambo hilo.