MTEJA NI AMANA, SI WINDO



Ndugu zangu katika imani, kila semina ya biashara siku hizi inafundisha kwamba mteja ni mfalme. Maneno mazuri. Lakini ingia dukani, unakuta kibao ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Ni mfalme gani huyo anayeuziwa kibovu kisha akafukuzwa mlangoni?

Wengi tunalalamika mtaji mdogo, wengine wanamsingizia jirani uchawi. Mimi naona maradhi yetu ni haya: tunaangalia mfuko wa mteja, hatuangalii haja iliyomleta.

Kumbukeni kisa alichokipokea Imam Muslim. Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) alipita penye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono, vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuweka kilicholowa juu watu wakione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Zingatia hapa: mvua haikuwa kosa la yule bwana. Kosa lake ni kuficha.

Rundo lile tunalo mpaka leo. Ni gunia lenye mchele mzuri juu na chenga chini. Ni simu iliyotumika, imebadilishwa kava, inaitwa mpya. Ni gauni la kwenye picha lisilofanana na linalofika kwa bodaboda. Ni fundi cherehani anayepokea vitambaa vya watu 40 kuelekea Idi, na anajua fika uwezo wake ni 20. Watoto wa wenzake wanakwenda kuswali Idi na nguo kuukuu.

Imam Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa huko Iraki. Inasimuliwa kwamba alimpa mshirika wake nguo yenye aibu na kumwagiza amweleze mnunuzi. Mshirika akasahau, akauza. Imam alipopata habari, na mnunuzi hajulikani alipo, akazitoa sadaka fedha za mauzo yale.

Na kile kibao? Fiqhi yetu inayo khiyari ya aibu: mnunuzi akikuta aibu iliyokuwepo kabla hajanunua, anayo haki ya kurudisha. Aibu uliyoijua ukaificha, kibao hakiifuti.

Utaniambia, "Sheikh, nikisema ukweli wote sitauza." Huenda leo usiuze. Lakini mwambie mama wa watu, "Hii haikufai, chukua ile ya bei ndogo," au, "Mimi sina, jaribu duka la pili." Umekosa faida ya siku moja, umepata mtu atakayerudi, tena atakuja na dada yake na jirani yake. Hilo ni tangazo usilolilipia. Na hata asiporudi, rizki yako iko kwa Allah, si mkononi mwake, na usiku unalala huna haki ya mtu shingoni.

Kesho ukifungua duka, anza na kitu kimoja tu: kabla mteja hajauliza, mtajie aibu ya unachomuuzia. Akitaka, achukue akiwa anajua.

Ewe Mola wetu, turuzuku halali, itie baraka, na utuepushe na kula jasho la wenzetu kwa hila. Aamin.

Mfikishie na mwenzako mwenye biashara.