Daftari la Wiki: Upinde Mpya wa Nini?

Novemba hapa Michigan ni mwezi wa majaribu. Msimu wa mishale umefunguliwa tangu Oktoba 1, kulungu wa mkia mweupe wanahangaika kutafutana, na viwanda vya pinde navyo huchagua majira hayohayo kutangaza matoleo mapya. Mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa Voi, kanijia na simu mkononi. "Hebu ona hii, kaka. Mita 107 kwa sekunde!" Bei inazidi dola 1,200, na hapo hujanunua hata mshale mmoja.

Mita hizo ni za kiwandani. Hupimwa kwa mvuto wa pauni 70 na inchi 30, kwa mshale mwepesi wa gramu 23 hivi. Mwenzangu mikono yake mifupi, anavuta inchi 27, na kila inchi inayopungua hula kama mita tatu za mwendo. Mshale wake wa kuwindia, pamoja na chembe, unakaribia gramu 30. Nilipopiga hesabu nikaona atatoka mita 80 alizo nazo hadi 87 hivi. Kwa kulungu aliye mita 27, mshale utawahi kwa chini ya sehemu tatu za mia za sekunde. Mlio wa upote ulishamfikia zamani. Ana robo ya sekunde ya kuinama ili aruke, na mshale ukampita juu ya mgongo. Mimi ningelipia ukimya kabla ya kulipia mbio.

*

Upinde anaoutamani ni wa kapi, aina iliyobuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri, akapewa hataza mwaka 1969. Ukishauvuta hadi mwisho, kapi hupunguza mzigo: kwenye pauni 70 unabaki umeshika kama 14. Nikamkumbusha mwenzangu kwamba kwao Tsavo wawindaji Waata walivuta pinde za zaidi ya pauni 100, na mzigo wote ukabaki mkononi hadi mshale utoke.

"Wao walikuwa na sumu ya msunguti, kaka. Mimi nina chembe tu."

Hapo kanishinda.

*

Upote wa upinde alio nao mwenzangu una miaka minne na umeanza kutoa nyuzi. Abadilishe huo kwanza. Kisha fundi amfyatulishe mshale kwenye karatasi: tundu likichanika upande, mshale unatoka ukiyumba, na hata kwa upinde mpya usiporekebishwa utayumba vilevile. Mikono ya upinde ikipata ufa, au kapi zikikataa kurekebishwa zimfae inchi zake, hapo anunue bila kuniuliza. Hata hivyo achukue toleo la mwaka jana. Bei yake hushuka mara jipya linapotua dukani.

Ila asinunue sasa. Upinde mgeni unadai kupangwa upya shabaha na mazoezi ya majuma, na Novemba 15 bunduki zinaingia porini. Kuanzia siku hiyo hata mwenye upinde lazima avae rangi ya chungwa.