Mtoto Asitumwe Kuwasha Sigara

Mwezi huu nataka kusema na akina baba, na akina babu pia, juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo: kumtuma mtoto jikoni akawashe sigara.

Tumbaku haishiki moto kama karatasi. Ukiigusisha kwenye kaa bila kuvuta, ncha huungua kidogo kisha huzimika. Ili moto uingie ndani ni lazima hewa ipite katikati yake, na hewa hiyo huvutwa kwa mdomo. Mzee mwenye kiko huvuta mara kadhaa huku kaa liko juu ya tumbaku. Hata wale wavutao sigara nene za majani matupu, huigeuzageuza ncha juu ya mwali kwanza, lakini mwishoni huvuta. Basi mtoto wa miaka saba anayerudi kutoka jikoni na sigara inayowaka amekwisha kuvuta. Kama ni msokoto wa tumbaku ya shambani, amevuta zaidi, maana ule huzimika njiani.

Moshi huo ni uleule wa baba. Una nikotini, ambayo hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache, nayo ndiyo imfungayo mtu. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 kati yake huleta saratani. Ubongo wa mtoto ungali unakua, hivyo hunaswa upesi. Wodini nimewauliza wazee wengi wenye kikohozi cha miaka walikoonja sigara ya kwanza. Wengi hujibu pasipo kufikiri: jikoni, nikimwashia baba.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Mwenye duka anakatazwa, na mzazi je?

Nitajibiwa kwamba kutumwa ni malezi. Ni kweli, atumwe maji, atumwe kiti. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliamua kwamba kuanzia 2018 Vatican isiwauzie tena wafanyakazi wake sigara, ingawa ziliiletea fedha. Yeye aliacha mapato. Wewe baba unaombwa kuinuka kitini tu.

Kisha kuna moto wenyewe. Mtoto huinama juu ya mafiga, au huwashia kwenye kibatari, ambacho hupinduka na kumwaga mafuta ya taa. Kiberiti cha gesi nacho kisiachwe mezani, kwa maana aliyezoezwa kuwasha atakichezea. Akiungua, mmwagilieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mleteni hospitali. Msimpake dawa ya meno, wala mafuta, wala yai.

Nanyi akina mama mlioko jikoni, mtoto akija na sigara mkononi mrudisheni nayo. Baba aje mwenyewe.