Dalali na Wakili

Msomaji wangu, si rahisi kupata kijiji kando ya Ziwa Victoria, tangu Usenge mpaka Muhuru, kisichokuwa na nyumba moja iliyouza ng'ombe ili mtoto aende ng'ambo, na mtoto asiende. Ng'ombe hawarudi, fedha hazirudi, na mtoto hukaa nyumbani akiona haya kupita njiani. Watu husema bahati yake ilikuwa mbaya. Mimi nasema bahati haikuwamo katika jambo hilo. Kilichokuwamo ni dalali, karatasi ambayo hakuna aliyeisoma, na wakili ambaye hakuna aliyemwuliza.

Insha hii ni mashitaka juu ya dalali. Lakini dalali hatasimama kizimbani peke yake. Nitamsimamisha pamoja na mzazi anayemwamini na mwalimu anayemsaidia, na mwalimu huyo, kwa bahati mbaya, ni mimi.

Tazama desturi yetu ilivyo ya ajabu. Mtu akienda sokoni kununua ndama, humtazama meno, humpapasa mgongo, huuliza alizaliwa wapi, kisha huita shahidi ndipo atoe fedha. Mtu huyo huyo atampa mgeni aliyekutana naye Kondele shilingi laki tatu ndani ya bahasha, bila ya risiti, kwa kuwa mgeni huyo amevaa suti na anasema ana rafiki ubalozini. Ukimshauri apite kwanza kwa wakili mjini Kisumu, alipe elfu chache, karatasi zisomwe, atashtuka na kukuuliza, "Wakili wa nini? Mtoto wangu hakuiba."

Fikira hiyo ndiyo mzizi wa hasara zetu. Tunadhani wakili ni mtu wa mwizi na mwuaji, kama zamani watu walivyodhani kuwa hospitali ni mahali pa kufia. Aliyefikiri hivyo alipelekwa hospitali akiwa mahututi, akafa, na kufa kwake kukawa ushahidi kwamba hospitali huua. Vivyo hivyo sisi humwendea wakili baada ya fedha kuliwa na jina kuharibika, na anaposema kuwa amechelewa kuitwa, tunatoka tukisema mawakili hawana faida.

Sasa sikiliza kosa langu. Mwaka 2023 alinijia kijana niliyemfundisha, mtoto wa mama mmoja anayeanika na kuuza omena karibu na Kendu Bay. Alikuwa na miaka 22. Dalali alikuwa amemwambia kuna kazi ya kuwatunza wazee huko Uingereza. Baba yake alikwisha kuuza mashua, mashine yake na nyavu. Kilichobaki, alisema dalali, ni barua ya kuonyesha kuwa kijana amefanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa kwa muda wa miaka miwili. Kweli ni kwamba alipata kusaidia katika chumba cha wagonjwa cha shule yetu kwa muhula mmoja tu. Mama yake alikuja naye, akaketi mbele yangu, akasema, "Mwalimu, wewe ni baba yake wa pili. Andika tu." Dalali, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliongeza kuwa ubalozini watu hawasomi barua, hutazama muhuri.

Niliandika. Nilidhani natenda wema. Muhula mmoja niliugeuza kuwa miaka miwili kwa mkono huu ambao kila siku husahihisha uongo mdogo katika madaftari ya watoto.

Ubalozini watu walisoma. Waliuliza shuleni, na mkuu wa shule, ambaye hakujua habari yoyote, alijibu kweli. Kijana alinyimwa viza, na barua ya kunyimwa ilisema kuwa ametumia udanganyifu. Familia iliniletea barua hiyo niwasomee, maana mimi ndiye msomi wao. Kwa kanuni za Uingereza, mtu aliyetumia udanganyifu katika maombi yake aweza kufungiwa mlango kwa miaka 10. Kijana huyo atakuwa na miaka 32 muda huo utakapokwisha.

Ndipo tulipokwenda kwa wakili. Alizisoma karatasi zote kwa muda wa nusu saa, kisha akavua miwani yake. Alituambia kwamba kanuni za Uingereza za wakati ule hazikudai miaka miwili ya uzoefu kwa kazi ile. Zilidai mwajiri mwenye leseni, mshahara wa kiasi fulani, na ujuzi wa Kiingereza, na kijana alikuwa na Kiingereza chake. Uongo wangu haukuhitajiwa na mtu yeyote isipokuwa dalali, aliyetaka bahasha ionekane nene. Wakili akauliza risiti ya fedha tulizotoa. Haikuwako. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tulikuwa tumepoteza mali, daftari na habari. Kwa ushauri ule alitutoza shilingi 5,000. Mashua, mashine na nyavu vilikuwa vimekwenda na dalali.

Msomaji, sikukusimulia habari hii ili unihurumie. Nimekusimulia ili ujue jinsi dalali anavyofanya kazi. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Dalali hulipwa kabla ya safari, na safari ikivunjika jina lililoandikwa katika fomu si lake. Sahihi si yake. Uongo ukigunduliwa, anayefungiwa mlango si yeye. Uingereza hukufungia miaka 10, Kanada hukufungia miaka mitano kwa maelezo ya uongo, na Marekani yaweza kukuzuia maisha yako yote usipopata msamaha maalumu. Dalali hazuiwi hata siku moja, naye kesho yuko kijiji kingine na suti ile ile.

Tena dalali huuza milango iliyokwisha kufungwa. Sheria za uhamiaji hubadilika upesi kuliko upepo wa ziwani. Tarehe 22 Julai 2025 Uingereza ilifunga njia ya kuwaajiri wapya kutoka nchi za nje kwa kazi hiyo hiyo ya kuwatunza wazee. Anayeahidi leo kazi ile kwa njia ile anauza mlango wa ukutani uliochorwa kwa chaki. Kwa miaka mingi, fomu ya bahati nasibu ya viza ya Marekani ilijazwa bila ya kuilipa serikali ya nchi hiyo hata senti moja, na bado kulikuwa na watu mijini mwetu waliowatoza maskini maelfu kwa kuijaza. Wala balaa hili si la ziwani peke yake. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu walijaa barabarani mjini Eldoret wakidai fedha walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Kanada, na jambo hilo likafika mbele ya kamati ya Seneti na mahakamani.

Yuko atakayenijibu kwamba wazee wetu walikwenda ng'ambo bila ya wakili. Atanitajia Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga na ambaye kaburi lake liko huko, na ndege iliyoondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81 waliokwenda kusoma Amerika. Mfano huo naukubali, lakini haumsaidii dalali. Wanafunzi wale walichaguliwa kwa masomo yao, vyuo vilivyowapokea vilijulikana kwa majina, na nyuma yao kulikuwa na watu wa heshima waliojibu kwa ajili yao hadharani. Hawakusafiri kwa siri wala kwa barua za uongo. Leo nani hujibu kwa ajili yako? Ukikosa mtu wa kujibu, mtafute mwenye leseni ya kujibu.

Naye kibarua wa zamani alikuwa na karatasi kuliko wewe. Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwaka 1901. Wahindi zaidi ya 30,000 walioletwa kuijenga walikuja kwa mkataba wa miaka mitatu, wenye mshahara na nauli ya kurudi kwao. Kazi yao ilikuwa ngumu na wengi walikufa, lakini mkataba uliandikwa. Je, kijana wa leo aliyemaliza kidato cha nne aende katika nchi ambayo hajui lugha yake wala sheria yake, akiwa na ahadi ya mdomo tu?

Sheria ya Kenya haikukuacha uchi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kuwa mkataba wa kazi ya nchi ya nje uandikwe kwa namna iliyowekwa, utiwe sahihi na pande zote, na ushuhudiwe na ofisa wa kazi. Ofisa huyo hana ruhusa ya kuushuhudia mpaka aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari, hakudanganywa, na ameyafahamu masharti. Sheria hiyo hiyo hufanya kuwa kosa kumshawishi mtu aende kazini nchi ya nje bila ya mkataba wa namna hiyo. Mawakala wa ajira nao hutakiwa kuandikishwa, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira hutangaza majina ya wale wenye ruhusa. Dalali anayekuambia usiende kwa ofisa wa kazi, kwa kuwa ofisa huchelewesha mambo, amekwisha kukueleza yeye ni nani.

Pengine utaniuliza kama wakili hawezi kuwa mwizi. Aweza, kama mwalimu alivyoweza kuwa mwongo. Lakini tofauti ni hii. Wakili wa Kenya lazima awe na cheti cha kufanya kazi kinachotolewa upya kila mwaka, na jina lake waweza kulitafuta katika orodha ya Chama cha Mawakili. Akila fedha zako, kuna mahali pa kumshitaki na kuna cheti cha kumnyang'anya. Dalali utamnyang'anya nini? Simu yake huzimika, na mashitaka yako yakaishia hapo.

Utaniambia pia kuwa wakili ni ghali. Ghali kuliko mashua? Kama kweli huna kitu, sheria ya mwaka 2016 iliweka Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasioweza kulipa. Nenda ukaulize. Kuuliza si ujinga.

Lakini nisije nami nikawa dalali wa mawakili. Si kila safari hudai wakili. Mwanafunzi aliyekubaliwa na chuo, mwenye ada, aliye na karatasi za kweli na asiyepata kunyimwa viza, aweza kujaza fomu mwenyewe akisoma maelezo ya serikali ya nchi anayoiendea, ambayo hutolewa bure. Serikali ya Kanada husema wazi kuwa kumtumia mwakilishi hakumpi mtu upendeleo wowote. Wakili mwaminifu hatakuahidi viza, maana viza haimo mkononi mwake. Anayekuahidi, hata akiwa na joho, mkimbie. Tena wakili wa Kisumu ni mjuzi wa sheria ya Kenya. Atausoma mkataba wako, atakuandikia makubaliano ya fedha, atakuzuia usitie sahihi uongo. Kwa sheria ya nchi nyingine, mtafute mwenye idhini ya nchi hiyo. Uingereza washauri wa uhamiaji wasio mawakili husimamiwa na mamlaka maalumu, na kutoa ushauri huo huko bila ya idhini ni kosa la jinai. Kanada mwenye kulipwa kwa kazi hiyo ni lazima awe wakili au mshauri aliyeandikishwa katika chuo chao cha washauri. Marekani ni wakili, au mtu aliyepewa idhini na Wizara ya Sheria. Hata waajiri wa Uingereza wenye leseni ya kuwaleta wageni wameandikwa katika orodha iliyo wazi kwa kila mtu. Kuitazama ni kazi ya dakika chache, na hapo ndipo dalali wengi hufia.

Mtu anahitaji wakili hasa pale anapotakiwa kutia sahihi asichokifahamu, anapotoa fedha nyingi, anapokwisha kunyimwa mara moja, au anapoambiwa na mtu yeyote, hata kama ni mwalimu wake, aseme lisilo kweli.

Naandika haya kwako wewe mwanafunzi, wala si kwa baba yako, kwa sababu moja. Katika nyumba nyingi za kwetu wewe ndiye msomi. Siku moja, labda kabla hujamaliza kidato cha nne, kaka yako au binti wa shangazi yako ataleta karatasi, ataiweka juu ya meza, na watu wote watakutazama wewe. Dalali atakuwapo, naye atakusifu kwa Kiingereza chako. Atataka usome upesi na useme kuwa ni nzuri. Usiseme. Sema, "Hii nitaisoma polepole, kisha tutaipeleka kwa mtu mwenye cheti." Huenda watakukasirikia. Watasema unamwonea wivu ndugu yako, unamfungia njia. Vumilia hasira hiyo ya siku moja.

Mimi sikuivumilia. Kijana wangu bado yuko Kendu Bay. Ameajiriwa katika mashua ya mtu mwingine, naye kila tukutanapo hunisalimu kwa heshima, "Shikamoo, mwalimu." Mpaka leo sijajua nimjibu kwa sauti gani.